Jibu kwa dizaina wa Mwanza: niache stesheneri nijitegemee?

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Mwanza. Nimeajiriwa stesheneri moja karibu na Makoroboi, nadizaini kadi, vipeperushi na fulana, nalipwa 280,000 kwa mwezi. Usiku nafanya kazi zangu kwenye laptopu yangu. Kadi natoza 10,000, nembo 30,000. Wateja wapo, ila mwisho wa mwezi hela siioni. Nataka kuacha kazi nijitegemee kabisa. Mama anasema nitajuta. Niache? Na bei nipange vipi? Halafu kuna kaka mmoja ana duka la vipuri, namdai 120,000 tangu Machi. Jana ameniletea kazi nyingine anaitaka Ijumaa. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu.

Usiache mwezi huu. Uwezo unao, hilo sina shaka nalo, maana mtu asiye na uwezo hapati wateja wa usiku. Ila kwa bei hizo ulizoniandikia, ukiacha kesho utafanya kazi nyingi kuliko sasa na utalala njaa. Rekebisha bei wakati mshahara bado unaingia. Ukikosea, mshahara utakushika mkono. Ukisubiri uache kwanza, utaogopa kila mteja anayekunja uso, na mtu mwenye hofu hapangi bei.

Chukua daftari tupige hesabu pamoja, kana kwamba unaishi peke yako. Chumba 60,000. Chakula 180,000. Nauli 50,000. Cha kumtumia mama 50,000. Bando 40,000. Umeme 20,000. Laptopu nayo inakufa, na siku ikifa hutakuwa na mwajiri wa kukununulia nyingine. Kama ni ya 1,500,000 na itakufikisha miezi 30, basi kila mwezi weka 50,000 ya kununua mwenzake. Akiba ya ugonjwa na ya miezi mikavu, 90,000. Jumla 540,000, na kodi ya serikali bado hatujaigusa.

Sasa muda. Mwezi una siku kama 24 za kazi. Usidhani zote utalipwa. Nusu yake itakwenda kwenye kutafuta wateja, kujibu meseji, kwenda kiwandani kuangalia uchapaji, kufuata madeni, na kusubiri umeme urudi. Zinabaki siku 12 za kuchora hasa, na kwa siku ni saa tano hivi za akili iliyotulia. Hizo ni saa 60. Gawa 540,000 kwa 60, unapata 9,000 kwa saa.

Kadi yako ya 10,000 inakuchukua saa ngapi? Usihesabu kuchora tu. Weka na kuongea na mteja, kutafuta picha, kubadilisha rangi mara tatu, kumtumia tena. Mimi naijua kadi: ni saa nne. Kwa hiyo inakugharimu 36,000 na unaiuza 10,000. Ndiyo maana hela huioni. Unamchangia mteja harusi yake, na wala jina lako halimo kwenye orodha ya wachangiaji.

Lakini hiyo 9,000 usimtajie mteja. Ni siri ya daftari lako. Mteja anayeuza vipuri hanunui saa zako, ananunua bango la duka lake, kwa hiyo mpe bei ya kazi nzima. Tena ukitoza kwa saa, siku ukiwa fundi zaidi na ukamaliza kwa saa mbili kilichokuchukua saa tano, utalipwa pungufu kwa sababu ya ufundi wako. Daftari linakuambia chini ya hapa usishuke, basi. Juu ya hapo, bei inafuata uzito wa kazi kwa mteja. Nembo itakayokaa kwenye gari, kwenye sare na kwenye mfuko kwa miaka kumi haiwezi kuwa 30,000, hata kama umeichora kwa mchana mmoja.

Saa zinapotelea wapi? Kwenye marekebisho. Nakumbuka kadi moja ya harusi niliyofanya mwanzoni, niko Sinza. Bwana harusi alitaka dhahabu. Nikaweka dhahabu. Mama wa bibi harusi akaiona kwenye simu ya mtu, akasema rangi ya sare ni damu ya mzee, kwa nini kadi haina damu ya mzee? Nikaweka. Mwenyekiti wa kamati akapiga simu saa nne usiku: namba za kupokea michango hazionekani, na jina la mweka hazina limekosewa. Nikarekebisha. Siku ya tisa bwana harusi akauliza ile dhahabu imekwenda wapi. Nilifanya matoleo 14 kwa malipo ya moja. Na hakuna aliyekuwa mbaya pale. Kila mmoja aliipenda harusi yake. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza swali ambalo leo ndilo la kwanza kabla sijafungua kompyuta: "Nani mwenye neno la mwisho?"

Nikishapata jina moja, naandika ujumbe mfupi wa WhatsApp. Hauhitaji mwanasheria. Kazi ni kadi ya mchango, upande mmoja, ukubwa huu. Maneno yote mtaniletea kwa maandishi siku fulani. Nitaleta mchoro wa kwanza siku fulani. Marekebisho ni mara mbili, ya tatu italipiwa kiasi fulani. Maelekezo nitapokea kwa fulani peke yake. Bei ni hii, nusu kabla sijaanza, nusu kabla ya kukabidhi faili la kuchapa. Mteja akijibu "sawa", hilo "sawa" ndilo mkataba wangu, nalipiga picha nalihifadhi. Dizaina wengi nawajua wana mikono mizuri kuliko mimi, na wamerudi kutafuta ajira, kwa sababu wanaona haya kuandika mambo haya saba. Wanaona kama wanamkosea mteja heshima. Nilichokiona kwa miaka 16 ni kinyume chake: mteja anayelipa vizuri ndiye anayefurahi zaidi kuona umeandika.

Kuhusu ile nusu ya mwanzo, Waswahili wana neno zuri, kishika uchumba. Bila hicho, hakuna ndoa. Bango la "kukopa harusi, kulipa matanga" limekuwa kwenye maduka yetu tangu hatujazaliwa, na hakuna anayemchukia mwenye duka. Wewe pia una duka, ila halina mlango. Na mchoro wa kumwonyesha mteja mtumie ukiwa mdogo wa pikseli, zile nukta za picha, una jina lako katikati kwa wino hafifu. Faili safi hutoka baada ya salio kuingia. Usiilegeze hii hata kwa shemeji.

Sasa nikusimulie kosa lililonigharimu zaidi, kwa sababu wewe uko stesheneri na unaweza kulikwepa bure.

Mwaka wangu wa tatu wa kujitegemea nilipata vipeperushi 2,000 vya kliniki moja ndogo. Namba ya simu nilitajiwa kwa mdomo nikiwa kwenye daladala, nikaiandika pembeni ya gazeti. Nyumbani nikaipiga kwenye mchoro, nikamtumia mwenye kazi, akasema nzuri sana, chapa. Tukachapa Kariakoo. Karatasi ikatoka vizuri, imekatwa kwa kisu kikali, kingo zimenyooka, nikaibeba kwenye boksi begani kwa furaha. Siku ya pili akanipigia: watu wanasema namba haipo. Nikatoa kipeperushi kimoja, nikaweka kidole kwenye namba, nikahesabu tarakimu moja moja. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Vipeperushi 2,000, na kila kimoja kina tarakimu tisa.

Nani alipe? Yeye alisema chapa, lakini aliangalia uzuri, hakuhesabu. Sikuwa na karatasi aliyotia saini. Nililipa mimi, kodi ya chumba ya miezi miwili. Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya kuchapwa naitoa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa wake halisi. Naikabidhi mkononi mwa mteja pamoja na kalamu. Namwomba asome kwa sauti: majina, tarehe, namba, kidole kikipita juu ya kila tarakimu. Kisha namba ya simu tunaipiga hapo hapo, iite. Akimaliza anaandika "nimesoma, chapa" na kusaini. Ikichukua dakika kumi ni nyingi. Akiwa mbali, nampa PDF na kumwomba anisomee kwa simu huku nami nafuata kwenye kioo.

Kosa la pili ni la rangi. Kioo chako kinachanganya mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine inachanganya wino nne: samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Bluu ile ya kung'aa unayoiona kwenye kioo haipo kwenye wino. Ukiipeleka hivyo hivyo, samawati na majenta zikakaribiana wingi, karatasi inatoka zambarau. Ilinipata kwenye kalenda za shule. Fundi wa ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa, alivuta karatasi ya kwanza, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Hii zambarau ndiyo rangi ya shule?" Akasimamisha mashine. Huyo mzee aliniokoa nakala 1,000, nikalipia pleti mpya tu, yale mabati ya kuchapia. Kanuni aliyonipa naitumia mpaka leo: kwenye bluu, majenta iwe pungufu ya samawati kwa pointi 30 au zaidi. Samawati asilimia 100, majenta asilimia 70, usizidi hapo. Maandishi madogo yaweke nyeusi tupu, usiyachanganyie wino nne, yakisogea kidogo tu yanaonekana na kivuli. Picha ziwe pikseli 300 kwa inchi kwa karatasi ya kushika mkononi. Mchoro utoke nje ya mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande. Fonti, yaani herufi zako, zibadilishe ziwe maumbo kabla hujatoa faili, na kama kiwanda kinatumia programu ya kuchorea ya CorelDRAW ya zamani, uliza toleo gani na uhifadhi kwa toleo hilo. Mambo haya hakuna aliyenifundisha darasani. Kwa miezi iliyobaki hapo kazini, kila fundi wa mashine ya Mwanza awe mwalimu wako. Mnunulie chai, simama pembeni, uliza.

Hapa nakugusa pabaya kidogo, nivumilie. Hao wateja wa usiku wametoka wapi? Kama walikuja stesheneri na wewe ukawapa namba yako pembeni, acha leo. Mwenye stesheneri amelipa pango, wewe unavuna shambani kwake. Mji wako si mkubwa kiasi cha kuficha jambo hilo, na miaka ijayo yeye ndiye angekuwa anakuletea kazi ngumu ambazo watu wake hawawezi. Mwambie mapema kwamba unapanga kuondoka, mpe mwezi mzima, mfundishe atakayekaa kwenye kiti chako. Mimi bosi niliyemuaga vizuri mwaka 2009 alinipa theluthi ya kazi zangu za mwaka wa kwanza.

Wateja wapya watafute kwa walio na kazi inayojirudia. Kadi ya harusi ni kazi nzuri, ila mtu haoi kila mwezi. Shule binafsi ina kalenda, ripoti, fomu za kujiunga, fulana za michezo. Kanisa lina kwaya, na kwaya ina kava la albamu na bango la uzinduzi. Hoteli ina menyu. Viwanda vya samaki vina maboksi na lebo. Wawili watatu wa namna hii watakulisha kuliko wateja 40 wa kadi.

Ukiingia huko wataanza kukuuliza karatasi. TIN unaipata TRA bure. Jina la biashara unasajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni ni halmashauri. Ofisi na kampuni zinapolipia huduma hukata asilimia 5 kama kodi ya zuio: ankara ya 600,000 inaingia 570,000. Usishtuke na usigombane. Omba cheti cha kodi ya zuio, maana kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Kinachoumiza zaidi ni muda. Kampuni inaweza kukulipa baada ya siku 30, nyingine 60. Pesa hiyo usiihesabu kwenye unga wa mwezi huu.

Na haki zako. Mwaka 2017 magazeti yetu yaliandika habari za Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa Nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana, mwenge na Kilimanjaro, ile tunayoiona kwenye kila karatasi ya serikali. Alikuwa akiishi Buguruni kwa shida kubwa. Akafariki Muhimbili, Mei mwaka huo huo. Watu wengine nao walitajwa kuwa ndio waliochora, na ubishi ukabaki. Nilikuwa nimekaa na chai yangu, nikaiacha ikapoa. Sikumjua, lakini kama mchoraji nilijiuliza kazi zangu mimi zina ushahidi gani. Tangu wakati huo kila kazi natunza michoro ya penseli, tarehe, na matoleo ya katikati, sehemu mbili tofauti. Kwenye makubaliano naandika nani atamiliki nembo baada ya malipo, kama faili la kuhariri limo kwenye bei au linauzwa peke yake, na kwamba naruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kama yangu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila mtu wa kwanza wa kutunza ushahidi ni wewe.

Hukuniuliza kuhusu Canva, ile ya kudizaini mtandaoni kwa violezo, na akili unde, lakini najua unaziwaza. Kadi za siku ya kuzaliwa zitaondoka mikononi mwetu, kwa sehemu kubwa zimeshaondoka, na sioni sababu ya kuzililia. Kinachobaki ni jicho. Tazama kanga ya mama yako. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Mtu yuko ng'ambo ya barabara anaona pindo na rangi. Akikaribia anaona mji. Akiwa hatua tatu anasoma jina. Aliyepanga vile alijua jicho linatua wapi kwanza na wapi baadaye. Nusu ya mabango ya mjini kila kitu kinapiga kelele kwa sauti moja. Fanya mazoezi kwa kanga, miaka yote uko nazo nyumbani.

Programu za wizi ziache, nilipoteza diski nzima ya kazi kwa kirusi kilichokuja humo. Programu za Inkscape, GIMP na Scribus ni za bure na zinatosha kuanzia.

Kuhusu mama. Ana hofu ya kweli, usimjibu kwa maneno. Mwonyeshe daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye usemi huo anaujua kuliko wewe. Mwambie: nitaacha nikishaweka akiba ya miezi minne, yaani 2,160,000, na kazi za pembeni zikinipa zaidi ya 400,000 kwa miezi mitatu mfululizo. Hivyo viwili vikitimia, naye atakuunga mkono. Mwombe na jambo moja: siku ukianza kufanyia kazi nyumbani, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana uhesabiwe kama hupo. Hakuna kutumwa sokoni. Ndugu wakimkuta mtu yuko nyumbani na kompyuta huona amekaa tu, na hilo limewavunja moyo vijana wengi kuliko wateja wabaya.

Tumalizie na kaka wa vipuri. Usimfokee, usimtaje kwa watu, na usimfanyie kazi ya Ijumaa kwa matumaini kwamba atalipa zote pamoja. Atakaa na deni la kazi mbili. Mtumie ujumbe huu, badilisha bei tu:

"Kaka, habari za leo. Kazi nimeiona, naweza kuimaliza Alhamisi jioni. Bei yake ni 80,000, marekebisho mara mbili. Ile 120,000 ya Machi bado haijaingia. Nikipokea hiyo pamoja na kianzio cha 40,000 cha kazi mpya, jumla 160,000, naanza leo leo. Asante kwa kuniamini."

Akikupigia kulalamika hali ngumu, mwambie unaelewa, na anaweza kulipa ya Machi sasa halafu kazi mpya ikasubiri wiki ijayo. Usishuke zaidi ya hapo. Pesa ikiingia, mwandikie risiti hata ya mkono, piga mstari kwenye deni la Machi, ndipo ufungue kompyuta.